Kungoja kwa Goti Lililoshonwa

Mtu anapotoka hospitali baada ya upasuaji wa goti, akarudishwa kwao Mbooni, Kilungu, Mutomo au Mwingi, maneno mawili humfuata hadi kitandani. La kwanza limeandikwa kwenye kadi: arudi kliniki baada ya wiki sita. La pili husemwa na kila mgeni anayebisha hodi na kuketi kando yake: tulia tu, mwachie Mungu, atakuponya. Yote mawili yanamwambia angoje, na yote mawili yana ukweli wake. Lakini kungoja ni jambo ambalo makanisa yetu hulihubiri sana bila kulieleza. Anayengoja hufanya nini? Kama uponyaji watoka kwa Mungu, mazoezi yale machungu anayoagizwa mgonjwa yana kazi gani? Na kama goti litapona kwa mazoezi, ushirika mzima uliosimama Jumapili kumwombea ulikuwa ukiomba nini? Haya si maswali ya chuo cha theolojia peke yake. Katika Kitui na Makueni, ambako watu husali kwa bidii na magoti huchakaa kwa kupanda vilima na kubeba mizigo, jibu analolishika mgonjwa laweza kuamua kama mwaka ujao atashuka mtoni mwenyewe au atashikwa mkono. Ninashikilia kwamba kumngojea Mungu katika jambo hili ni kazi, tena si kazi ya mtu mmoja, na kwamba anayeacha kukunja goti kwa jina la imani hajaiongeza imani yake hata kidogo.

Tuanze na goti lenyewe, kwa sababu mjadala wa imani usiojua kiungo kinavyofanya kazi huishia hewani. Iwe ni goti la mzee ambalo gegedu imelika hadi mfupa ukasuguana na mfupa, likabadilishwa kwa chuma na plastiki, au ni goti la kijana wa boda boda lililovunjika likaungwa kwa bamba na skrubu, mambo mawili hutokea baada ya kushonwa. Kwanza, msuli mkubwa wa mbele ya paja hulala. Si kisu peke yake kinachoudhoofisha. Uvimbe ulio ndani ya kiungo huzisumbua neva, nazo huuzuia msuli usikaze. Mgonjwa anataka kuinua mguu juu ya godoro, anautazama, anaukusudia, na mguu haumsikii. Pili, mwili huanza kutengeneza kovu ndani ya kiungo, na kovu hilo lisiponyooshwa kila siku likiwa bado laini hukomaa na kulifunga goti. Ndiyo maana siku hizi aliyebadilishiwa goti huinuliwa kitandani siku ileile au kesho yake, jambo ambalo pia humkinga na damu kuganda katika mishipa ya mguu. Aliyeungwa mfupa huenda akakatazwa kuukanyagia mguu kwa wiki kadhaa, lakini hata yeye mara nyingi huagizwa alikunje goti. Kutembea kwenye ardhi tambarare kunataka goti likunjike kama digrii 70. Kuinuka kitini kunataka zaidi ya 90. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunataka zaidi ya hapo kwa mbali. Digrii hizo haziletwi na kalenda. Mtu anaweza kuzimaliza wiki zote sita, mshono ukakauka vizuri, akarudi kliniki na goti lililogandia palepale.

Kuna kosa moja dogo, linalofanywa kwa upendo mtupu, ambalo hulionyesha jambo hili kuliko hoja nyingi. Jirani anaingia, anaona goti limevimba na uso wa mgonjwa umekunjamana, anachukua mto na kuusukuma chini ya goti. Mgonjwa anapumua. Nafuu hiyo ni ya kweli, kwani goti lililokunjwa kidogo lina nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi maji ya uvimbe, na shinikizo hupungua. Basi mto unabaki pale usiku kucha, na usiku unaofuata, na goti linajifunza kukaa hivyo. Baada ya miezi michache haliwezi tena kunyooka sawasawa. Mwenye nalo anachechemea, na paja linachoka kabla hajafika barabarani. Mtaalamu wa viungo angeutaka mto uleule, au blanketi lililokunjwa, uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani na uzito wake wenyewe ulinyooshe. Hilo linauma. Kisha angetaka leso ipitishwe chini ya wayo, mgonjwa ashike ncha zake kwa mikono miwili, auvute mguu polepole hadi kisigino kiyaelekee makalio, ashikilie huku akihesabu, aachie, arudie. Tofauti ya mahali pa mto ni shubiri mbili tu, na ndiyo tofauti ya huruma inayotazama maumivu ya leo na huruma inayomtazama mtu atakayekuwepo mwakani. Faraja ya dini nayo yaweza kuwekwa mahali pasipofaa. Mgeni anayemwambia mgonjwa asijisumbue, Mungu ameshashughulika, anaweza kuwa amemsogezea ule mto wa chini ya goti.

Hapa ndipo John Mbiti anapotufaa, naye ni mtoto wa nchi hii. Alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana na mmoja wa wanatheolojia waliosomwa sana Afrika, akafariki Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alitoa hoja, akitegemea kwa sehemu vitenzi vya Kikamba, kwamba kwa mapokeo yetu wakati ni mfululizo wa matukio, na kwamba wakati ujao haufiki mbali: miezi kadhaa, au miaka miwili kwa wingi wake. Hoja hiyo ilipingwa vikali. Kwame Gyekye wa Ghana, kwa mfano, alionyesha kwamba Waakan wana fikra pana za wakati ujao, na wengine wakaona kuwa Mbiti amewafanya Waafrika waonekane kama watu wasioweza kupanga mambo ya mbali. Nadhani wapinzani walikuwa na haki katika hilo, na mtu yeyote aliyeona mkulima wa Kilungu akipanda miche ya maembe atakubali. Lakini kuna sehemu ya hoja ya Mbiti ambayo sijaona ikiangushwa: kwamba wakati haupo kama mfuko mtupu unaongoja kujazwa, bali huzalishwa na yanayotendeka. Ukiitumia sehemu hiyo kitandani kwa mgonjwa, mambo yanafunguka. Wiki sita za kulala na mto chini ya goti zimepita kwa saa ya ukutani, lakini kwa hesabu ya kupona hazijapita, kwa kuwa hakuna kilichotendeka ambacho kingezifanya ziwe wakati wa kupona. Na kinyume chake, kesho ya goti haiko mbali wala gizani. Imeshaanza katika mkunjo wa asubuhi hii, ule wa digrii chache kuliko anaotamani. Tumaini la namna hii halihitaji mtu auone mwaka mzima mbele yake. Linahitaji tukio la leo litokee.

Mwenye shaka kwamba kungoja na kufanya kazi vinakaa pamoja na atazame jinsi Ukambani inavyoingojea mvua. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima wengi wa Kitui na Makueni huitegemea zaidi. Wazee wa zamani walitoa sadaka kwenye maithembo, mahali patakatifu pa kuombea. Leo makanisa hufunga na kuomba. Na katika miaka yote hiyo ya kuomba, vilima vya Makueni, vilivyokuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992, vimechongwa matuta kwa majembe, mengi yakichimbwa na vikundi vya mwethya, watu wakisaidiana shamba kwa shamba. Katika mito ya mchanga ya Kitui watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kuvuka mto uliokauka. Hujengwa wakati wa kiangazi, wakati hakuna hata tone la kuzuia. Mafuriko yakija hukokota mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, msimu baada ya msimu, na maji hujificha ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Sijasikia mhubiri akisimama kusema kwamba ukuta huo ni dharau kwa Mungu anayeleta mvua. Kila mtu anaelewa kwamba anayeomba mvua bila kuchimba tuta ameomba mafuriko. Kwa nini basi goti lifikiriwe vingine? Nadhani ni kwa sababu upasuaji umetuzoesha kudhani kwamba kazi imekwisha kufanywa na mtu mwingine. Mgonjwa alilazwa, akapigwa sindano, akaamka kazi ikiwa imefanywa bila yeye. Ni rahisi kuvuka kutoka kwa daktari aliyetenda peke yake hadi kwa Mungu atakayetenda peke yake, na mgonjwa katika hali zote mbili akabaki mtu wa kutendewa.

Atakuja muumini na kunijibu kwamba hivi ndivyo imani inavyonyang'anywa nguvu zake: leo umesema Mungu hufanya kazi kupitia leso na kisigino, kesho utasema leso na kisigino vinatosha. Pingamizi hili si la kubezwa, maana wapo waliokwenda njia hiyo hadi mwisho. Lakini Biblia inayosomwa katika makanisa ya Ukambani tangu Africa Inland Mission ilipoanza kazi Nzaui mwaka 1895 haikugawa mambo kwa namna hiyo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, Hezekia anaahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona na ataongezewa miaka. Ahadi haiwezi kuwa wazi kuliko hiyo. Na mara baada ya ahadi, nabii Isaya anaagiza tini ziletwe na ziwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyeona ajabu, wala mwandishi hakusimama kueleza kama aliponywa na neno au na tini. Wakatoliki wa Jimbo la Kitui wana pia Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambapo mgonjwa anaambiwa asali na palepale anaambiwa asimfukuze tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Hata katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, penye muujiza usio na kliniki wala wiki sita, Petro anamshika kiwete kwa mkono wa kuume na kumwinua. Mkono ulihitajika wa nini, kama neno lilitosha? Sidai kwamba nimemaliza fumbo la neema na jitihada, ambalo limewashinda watu wakubwa. Ninadai kitu kidogo zaidi: kwamba maandiko yenyewe hayakumpa mgonjwa ruhusa ya kuziweka tini kando ili aonekane ana imani.

Pingamizi la pili linatoka mwilini, nalo ni la heshima zaidi. Maumivu, wasema, ni sauti aliyotupa Muumba ili tujue pa kukomea. Anayelivuta goti linalolia anaikataa sauti hiyo. Hapa kuna kweli inayohitaji kupambanuliwa. Yapo maumivu ya kunyoosha, yanayopanda mguu unapovutwa na kushuka muda si mrefu baada ya kuuachia. Na yapo maumivu ya onyo: shavu la mguu kuvimba, kuwa moto na kuuma, kifua kubana, mshono kutoa usaha, homa kupanda. Haya ya pili hayangojewi hata nusu siku; ni ya kukodi gari na kurudi hospitali. Kuzijua sauti hizi mbili ni sehemu ya unyenyekevu, kwa maana humlazimu mtu kumsikiliza anayejua kuliko yeye. Lakini nakataa kabisa fundisho jingine linalojificha karibu na hapa, kwamba maumivu yana thawabu yenyewe, na kwamba anayekataa vidonge amejitwisha msalaba. Maumivu ya goti hayamtakasi mtu. Kidonge kinachomezwa muda mfupi kabla ya mazoezi humwezesha mgonjwa kukunja zaidi, na mazoezi ndiyo yanayotafutwa. Mama anayeuma leso na kujizuia kulia ili asionekane dhaifu mbele ya wakwe hajamtumikia Mungu kuliko yule aliyeomba dawa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu. Ukisema kupona ni kazi, basi asiyepona utamwambia hakufanya kazi. Kutoka hapo hadi kumhukumu ni hatua moja, na sisi ni wepisi wa kuhukumu. Asiyepona kwa maombi huambiwa hana imani, na sasa asiyepona kwa mazoezi ataambiwa ni mvivu. Lazima niseme wazi kwamba hoja yangu haifiki huko. Hata katika nchi zenye kila kifaa, kati ya wagonjwa kumi waliobadilishiwa goti, mmoja au wawili hubaki na maumivu au kutoridhika ingawa walifanya walivyoagizwa. Mifupa mingine huunga vibaya, vijidudu huingia, neva huumia. Marafiki wa Ayubu walikuwa na jibu la kila kitu na ndio waliokemewa. Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9, swali lenyewe lilikataliwa. Na Yakobo, baada ya usiku ule wa kushindana katika Mwanzo sura ya 32, alitoka na baraka na kuchechemea kwa pamoja. Baraka haikuufuta mguu, wala mguu haukuitangua baraka. Kufanya sehemu yako ni wajibu juu ya tendo. Matokeo hayajawahi kuwa mali ya mtu. Mkulima aliyechimba matuta na mvua ikakosa kunyesha hakuchimba vibaya.

Kwa wale ambao goti lao halitakunjika tena vya kutosha kupiga magoti, makanisa yana deni la kusema neno la wazi. Kina mama wengi wazee huona aibu kubaki wameketi wakati ibada nzima imepiga magoti, na wengine hujilazimisha mapema mno, wakaumia. Waislamu wanayo ruhusa iliyo wazi tangu mwanzo: asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali kwa ubavu, na sala yake ni sala. Wakristo wanasahau kwamba Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza watu wasali wamesimama siku za Jumapili na katika majira ya Pentekoste. Wazee wale hawakuona kwamba kusimama kunapunguza unyenyekevu. Mchungaji anaweza kulisema jambo hili kwa dakika moja kabla ya maombi, kwa sauti ya kawaida, bila kumtaja mtu.

Linabaki swali la ni nani hasa anayefanya kazi hii ninayoisifu. Mazoezi ya leso huchukua dakika chache, mara kadhaa kwa siku, lakini ili mgonjwa apate dakika hizo lazima mtu mwingine ateke maji, achanje kuni, achemshe isyo ya mahindi na maharagwe, amsaidie kuoga, amsindikize chooni kwenye njia yenye mawe. Mara nyingi mtu huyo ni mkaza mwana, au msichana anayepaswa kuwa darasani. Mbiti aliandika kwamba mtu hawi mtu peke yake, kwamba yapatayo mmoja huwapata wote. Lakini sentensi nzuri ya namna hiyo yaweza kufunika ukweli kwamba hao wote, nyumbani, ni mwanamke mmoja aliyechoka. Tumejua kuchanga kwa ajili ya hospitali. Harambee hupigwa, simu hupita mkono kwa mkono, pesa hutumwa kutoka Nairobi na Mombasa. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wa afya kwa wote ambapo kaya ilichangia shilingi 500 kwa mwaka, na wengi walijiunga, ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaelewa kubebana. Ila michango yetu huishia kwenye lango la hospitali. Upasuaji wa saa moja au mbili huchangiwa na mamia. Miezi ya kupona huachiwa mtu mmoja.

Nitaambiwa watu wana shughuli zao, hasa Oktoba inapokaribia na kila mkono unatakiwa shambani. Ni kweli, na mwethya ulikuwapo kwa ajili ya majira ya namna hiyohiyo, wakati hakuna aliyeweza kumaliza shamba lake peke yake. Kwa hiyo ratiba inawezekana: jumuiya au kikundi cha akina mama kinachomwombea mgonjwa Jumapili kingeweza kuandika, kwenye karatasi ileile ya matangazo, nani atapeleka punda mtoni Jumatatu, nani atapika Jumatano, ni mwanamume gani atatengeneza kiti cha choo na mahali pa kushikia ukutani kabla mgonjwa hajafika. Mvulana wa darasa la sita anaweza kukaa kando ya kitanda jioni na kuhesabu mikunjo kwa sauti, dada yake akirudi kwenye vitabu vyake. Kwa mjane ambaye watoto wako mbali, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama atakunja goti au hatalikunja, hata akiwa na imani kubwa kuliko sisi sote, na ni vyema iandikwe kabla ya siku ya upasuaji, wakati bado kuna wa kuulizwa na wa kukubali.